Ua Wetu Uliokula Barabara

Nimehama miji mingi, lakini nikiota nyumbani, bado ninaota ua wa kaiyaba wa mama yangu, chini kidogo ya Dagoretti Corner, Nairobi. Kaiyaba ina miiba mirefu, na mtaani kwetu kila mtu aliikata kwa namna moja: upande wa ndani inapunguzwa, upande wa nje inaachwa. Mwaka baada ya mwaka ua ukasogea barabarani. Wa ng'ambo nao ukasogea. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, mkokoteni wa mitungi ya maji ulipita kwa shida, na mvua ilipoteremka kutoka Ngong Road haikuwa na mtaro wa kuingia. Iliingia kwetu.

Kwenye nafasi tuliyoipata hivyo, mama alijenga jiko la mabati na, nyuma yake, vyumba viwili vya mawe vya kupangisha. Tangu baba afariki, vyumba hivyo ndivyo vilivyomlisha.

Nilikuwa nimerudi kutoka Eldoret, kazi imeisha, wapimaji walipokuja. Mtaa ulikuwa umeandika barua nyingi kuomba barabara, maji ya bomba na mtaro. Sasa tuliletewa wanaume wawili na darubini ya miguu mitatu. Walipoondoka, ukutani mwa chumba cha kwanza kulikuwa na X nyekundu.

Nairobi hakuna anayehitaji kuelezwa X nyekundu. Ni tingatinga linakuja kubomoa.  Mama aliketi akachambua majani ya sukuma, akamaliza, akayachambua tena. Sikungoja kuuliza mtu. Nilichukua mafuta ya taa na brashi ya waya, nikasugua hadi likabaki doa la waridi.

Jumamosi tukaitwa kwenye ukumbi wa kanisa. Injinia, mwanamke wa makamo aliyevaa gambuti za mpira, alitandaza ramani mezani.

"Hii barabara yenu iko wapi?" akauliza. "Kwa ramani ni pana. Nimekuja nikapata kichochoro."

"Ilikuliwa na kaiyaba," jirani yetu mmoja akasema, na watu wakacheka huku kila mmoja akikwepa macho ya mwenzake.

Injinia hakucheka. "Na kuna mtu amefuta X yetu. Hiyo haikuwa ya kubomoa, jamani. Ni ya kipimo. Hapo ndio tunajua maji itateremka ikienda wapi. Kama hamnionyeshi mahali ilikuwa, leo natoa hii sehemu yenu kwa mpango, niende kwa wenye wako tayari."

 Nikijitokeza, nitawapeleka wapimaji moja kwa moja hadi mlangoni mwa vyumba vya mama. Nikinyamaza, mtaa mzima utakosa mtaro kwa sababu yangu. Mama, kando yangu, alikuwa akikunja leso yake na kuikunjua. Hakunitazama.

"Ni mimi," nikasema.

"Aii, huyu!" mzee mmoja akapaza sauti. "Akienda hatumwoni miaka, akirudi anatufutia maendeleo!"

"Na mbona hukuuliza?" injinia akaniambia.

"Niliogopa, madam."

Tukatoka sote. Doa la waridi lilikuwa bado linaonekana, na mpimaji akaichora X upya juu yake. Kisha wakaitafuta bikoni ya zamani, jiwe la mpaka, upande wa ng'ambo, wakaifukua kwenye miiba huku wakilaani, wakavuta tepu kuelekea kwetu. Ilipita ua. Ikaingia jikoni kwa mlango mmoja, ikatokea mwingine. Mama alikuwa ameshika mkono wangu juu ya kiwiko, na kadiri tepu ilivyosonga ndivyo vidole vyake vilivyoniuma. Ilisimama kizingitini mwa chumba cha kwanza, na mpimaji akapigilia kigingi hapo.

Injinia akainama, akakitazama kigingi, akautazama mlango.

"Jiko inaenda, mama," akasema taratibu. "Vyumba zitabaki. Lakini huo mlango mgeuze uangalie ndani, si barabarani."

"Na mvua haitaingia tena?" mama akauliza.

"Mtaro ikijengwa, haitaingia."

Ikijengwa. Nililisikia neno hilo, na nadhani mama naye alilisikia. Hakuna aliyekuwa ametaja siku. Hata hivyo aliingia jikoni, akaanza kunipitishia sufuria moja moja, nami nikawa ninazipokea bila kujua niziweke wapi.