Choo cha Mbele ya Nyumba

Mzee Idefonsi alipenda kusema kwamba hakuwahi kuutafuta uenyekiti wa kitongoji, bali uenyekiti ndio uliomtafuta yeye. Wanaomkumbuka akizunguka nyumba hadi nyumba na dumu la rubisi, pombe yetu ya ndizi, kabla ya kura wanasema kama ulimtafuta, basi ulimkuta njiani.

Kabla ya cheo hicho alikuwa fundi matofali. Alianza kazi akiwa kijana kwenye misheni ya Rulenge, akifyatua na kuchoma, mpaka mapadri walipoanza kununua saruji. Akahamia Ngara mjini, akapata kiwanja Rwakashenyi, kando ya barabara iendayo ofisi za halmashauri, akajenga nyumba ya matofali iliyonyooka kuliko mwenye nyumba. Maneno hayo si yangu. Ni ya mkewe, Theodosia, ambaye aliwaambia wageni wote, pamoja na askofu.

Mwaka 1994 wakimbizi walipovuka kutoka Rwanda na kambi kubwa ikaota pale Benaco, mji wetu uliokuwa ukisinzia uliamshwa kwa honi. Yalikuja magari meupe yenye nyaya ndefu kama ndevu za kambare, na wageni waliotaka nyumba, ghala, mpishi, mlinzi na mtu wa kuwatafsiria. Wenye vyumba wakawa wenye nyumba, wenye mabanda wakawa wenye ghala. Idefonsi alikodisha uwanja wake wa nyuma kwa shirika moja la misaada kwa miaka kadhaa, kodi yote mbele. Shirika likauzungushia mabati na kuweka humo mapipa na turubai za buluu. Kodi ikaenda kwenye harusi ya mwanawe, Frednand, ambaye naye alikuwa amepata kazi ya utingo kwenye malori ya chakula.

Kambi ilileta pia hofu ya magonjwa ya tumbo. Halmashauri ikapitisha sheria ndogo kwamba kila kaya iwe na choo chenye shimo, kuta, paa na mfuniko. Asiye nacho faini. Ilipofika kwa viongozi, Idefonsi alisimama mwenyewe kwenye mkutano, akavuta koti, akasema kiongozi lazima awe mfano. Mwenyekiti atakayekutwa anajisaidia porini avuliwe uenyekiti siku hiyo hiyo. Alipigiwa makofi, akakaa kwa fahari kama mtu aliyejenga daraja.

Na kwa kweli alikuwa mkali. Alizunguka na Bwana Afya wetu, kijana wa Bukoba aitwaye Audax, mwenye suruali iliyopigwa pasi hata siku za mvua. Audax alikagua shimo. Idefonsi alikagua njia. Akikuta majani yameota kwenye kijia cha kwenda chooni, alimwita mwenye nyumba.

"Choo hiki mnamtunzia nani?"

"Tunakitumia, mwenyekiti."

"Mnaruka? Mbona majani hayajakanyagwa? Au familia nzima ina mabawa?"

Watu walicheka, walipigwa faini, wakamchukia kwa wastani.

Shida yake ilianza siku Frednand alipomleta mkewe, Priscila, kukaa nyumbani kwa wazazi wakati yeye akizunguka na malori. Kwetu baba mkwe na mkamwana hawachangii choo. Hakuna aliyetueleza sababu na hakuna aliyeuliza. Anayeuliza huambiwa hana adabu, na hilo linatosha kuwa jibu. Hata kukutana kwenye kijia cha chooni ni aibu ya kuhamia wilaya nyingine. Basi tangu jioni ile Priscila alipofika na sanduku lake, choo cha Idefonsi kilikuwa cha wanawake. Mzee mwenyewe, alfajiri, alivaa koti, akachukua mwavuli, akaelekea kwenye msitu wa mikaratusi wa halmashauri.

Asingekuwa wa kwanza wala wa mwisho. Nusu ya wanaume wenye umri wake waliufahamu msitu ule vizuri kuliko bwana misitu. Lakini mwaka uliofuata halmashauri ilipata mteja wa nguzo za kujengea huko kambini. Kamati ilikaa, ikakubali kwa kauli moja, na Idefonsi alikuwa miongoni mwa walionyoosha mkono. Mashoka yakaingia. Msitu uliobaki ulikuwa visiki, na miti michache myembamba ambayo isingeweza kuficha mbuzi.

Wakati huo huo watu walilalamika kwamba wapo wanaochafua eneo lile. Idefonsi, ambaye hakuweza kuonekana akilitetea, akamtuma mgambo Gervasi akavizie. Nadhani alitegemea uvivu wa Gervasi, na mtu yeyote mwenye akili angeutegemea. Lakini asubuhi moja Gervasi aliamka mapema kwa sababu mkewe alimfukuza, na kwa kukosa pa kwenda akaenda kazini.

Aliona mwavuli mweusi umefunguliwa nyuma ya kisiki, na mvua hainyeshi.

"Simama, kwa amri ya halmashauri!"

"Gervasi," mwavuli ukasema, "nikisimama sasa utajuta wewe."

Gervasi akaijua sauti. Akavua kofia. "Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba. Geuka utazame barabarani."

Gervasi akageuka. Akiwa amempa kisogo, akasema, "Mzee, si wewe uliyenituma?"

"Nilikutuma ukamate watu."

"Na wewe je?"

"Mimi ni mwenyekiti."

Gervasi aliitafakari hoja hiyo, na huenda angeikubali, maana alikuwa mtu wa kuheshimu vyeo. Lakini barabarani walikuwa wakipita wanawake na mizigo ya kuni, na mbele yao alikuwa Adelfina, ambaye mumewe alikamatwa na Gervasi hapo hapo, mchana kweupe, wiki iliyotangulia.

"Wee Gervasi!" Adelfina akapaza sauti. "Leo mbona umevua kofia? Mume wangu ulimshika ukosi! Au huyo anatoa ubani?"

Kicheko kilishuka nao mpaka sokoni. Kabla nyanya hazijapangwa, mji ulijua.

Kamati ya mji mdogo ilikaa juma lile. Mimi nilikuwa nikiandika muhtasari. Tulijadili josho lililopasuka, takataka za soko, na magari ya mashirika yanayogonga kuku bila kusimama. Suala la Idefonsi halikuwa kwenye ajenda. Liliwekwa kwenye Mengineyo, mahali ambapo halmashauri huweka mambo yote yaliyowaleta watu kikaoni.

Audax akasimama. "Mwenyekiti Idefonsi, choo unacho?"

"Ninacho."

"Kizima?"

"Nimekijenga mwenyewe."

"Kimejaa?"

"Hakijajaa."

"Sasa mikaratusini unafuata nini?"

Idefonsi akatazama dari. "Hewa."

Hata mwenyekiti wa kikao, Mzee Philbert, alilazimika kukohoa. Wazee wote mle ndani walijua sababu. Lakini kuitaja ilikuwa sawa na kumleta Priscila katikati ya meza ya kamati, na safari zake za chooni ziingizwe kwenye kumbukumbu za wilaya. Idefonsi angeweza kujiokoa kwa sentensi moja, nayo ndiyo sentensi ambayo baba mkwe hawezi kuitamka. Akakaa na hewa yake, huku uenyekiti ukimponyoka kama samaki.

Mzee Philbert akatumia dawa ambayo halmashauri hutumia kwa kila jambo gumu. "Twende eneo la tukio tukajionee."

Tukaenda. Priscila alipoona kamati nzima inaingia na mafaili, akatokea mlango wa pili kwenda kwa jirani, akabaki huko mpaka jioni. Theodosia alikuwa barazani akimenya ndizi. Choo kilikuwa safi, mfuniko upo, kijia kimekanyagwa mpaka kinang'aa.

"Mimi sielewi," alisema Audax. "Choo kizuri namna hii!"

"Bwana Afya," Theodosia akasema bila kuinua macho, "umeoa?"

"Nimeoa, mama."

"Baba yako yu hai?"

"Yu hai."

"Anakuja kukutembelea hapa Ngara?"

"Alikuja Pasaka."

"Alifikia wapi?"

Audax akafunga faili lake. "Parokiani," alisema. "Ana rafiki yake kule."

"Haya." Theodosia akachukua ndizi nyingine.

Tulidhani yameisha. Wazee walianza kupapasa kofia zao, na Idefonsi alikwisha kuvuta pumzi ya kutukaribisha rubisi. Lakini Audax hakusomea afya bure. Alitembea mpaka kwenye kijia, akarudi uso wake umechangamka.

"Nimeelewa sasa. Kumbe hapa kuna kaya mbili. Frednand na mkewe ni kaya moja, na choo hiki ni chao. Kaya hiyo haina kosa, naipongeza. Mzee na mama ni kaya ya pili." Akamgeukia Idefonsi kwa heshima zote. "Kaya yako wewe, mwenyekiti, haina choo kabisa."

Mzee Philbert alifurahi kupata uamuzi ambao haukumtaja mtu. Ikaamuliwa kwamba mpaka kikao kijacho Idefonsi awe amechimba, ama sivyo tungechagua mwingine.

Kuchimba wapi? Upande mmoja ulikuwa ukuta wa jirani. Upande wa pili mwamba, na mwamba wa Ngara hausikii sululu. Uwanja wa nyuma ulikuwa wa shirika. Idefonsi akaenda kugonga mabati. Akafungua mlinzi wao, Ndikumana, Mrundi aliyekuja na wakimbizi wa zamani na kuzeekea kwetu. Ndani, Idefonsi aliona choo kipya chenye sakafu ya plastiki na turubai la buluu, kimesimama kama mbunge.

"Ndugu yangu, waombe wakubwa wako wanipe kona nichimbe. Au nitumie hicho, alfajiri tu, kabla hawajaamka."

Ndikumana akaingia, akakaa sana, akatoka. "Wanasema hiki ni cha wafanyakazi. Wenye haki ya kuchimbiwa vingine ni wakimbizi. Wameuliza, wewe umevuka mpaka lini?"

"Mimi nimezaliwa hapa!"

"Ndiyo tatizo lako, mzee."

Ikabaki mbele ya nyumba, kati ya baraza na barabara. Hapo ndipo wanaume wa Rwakashenyi walipoketi kila jioni, rubisi katikati, na hapo ndipo kazi zote za kitongoji zilipofanyika: ugomvi wa mipaka, barua za utambulisho, ndoa zilizotaka kuvunjika. Aliwaeleza wenzake jambo lililopo.

"Utachimba tunapokaa sisi?" wakauliza.

"Mnataka pa kukaa au mnataka mwenyekiti?"

Walijibu pamoja, bila kushauriana, kwamba wanataka pa kukaa.

Jambo hilo lilimuumiza kuliko maneno ya Audax. Usiku ule alimwambia Theodosia kwamba anauacha uenyekiti. Ana nyumba, ana mwana, ana marafiki, cheo cha nini?

"Uache," Theodosia akamjibu. "Kesho alfajiri utakwenda wapi? Msitu mmeuza."

Basi akachimba. Hakumwajiri mtu. Alifyatua matofali kama alivyofyatua Rulenge, akayachoma, akajenga kuta zilizonyooka kwa pima maji, na mlango akauelekeza upande usioonekana na baraza, kwa ajili ya Priscila. Upande huo kwa bahati mbaya ulitazama barabara ya halmashauri. Wanaume waliotaka pa kukaa walihamia kwa Adelfina, ambaye rubisi yake ilikuwa nyepesi na haikuwa ya bure. Audax alikuja kukagua, akasema ni choo bora kuliko vyote mjini, akampa mkono. Uenyekiti ukabaki.

Asubuhi ya kwanza alipokuwa ndani, akapita mwalimu.

"Shikamoo, mwenyekiti!"

Kuta za tofali zinaficha, lakini mlango ulikuwa wa mabati na chini yake viatu vilionekana, na viatu vya Idefonsi vilijulikana. Akavivuta nyuma. Mwalimu, akidhani mzee hajasikia, akarudia kwa sauti zaidi. Kutoitikia shikamoo ni tusi, na mji ule haukukosa watu wa kuhesabu matusi.

"Marahaba," kikasema choo.

Tangu hapo hapakuwa na faragha. Wanafunzi walimwamkia kwa zamu. Gervasi, akipita kwenda kazini, alisimama wima na kupiga saluti. Baadaye watu wenye haraka wakaona hakuna sababu ya kusubiri.

"Mwenyekiti, naomba barua, nampeleka mtoto hospitali."

"Ngoja nje."

"Niko nje, mzee."

"Basi ngoja nje kidogo zaidi."

Na barua ilitoka, maana angefanyaje? Kabla ya hapo, kumpata mwenyekiti ilikuwa kazi ya siku nzima. Utaambiwa yuko tarafani, yuko msibani, ameitwa na mtendaji. Sasa mtu aliamka mapema, akapitia Rwakashenyi, shida yake ikasikilizwa na kiongozi asiye na njia ya kutoroka.

Kura zilipopigwa tena, hakuzunguka na dumu. Aliona aibu, na wanaume wake walikuwa bado wamenuna. Kijana mmoja wa dukani alisimama kupambana naye, akaahidi barabara, maji na taa. Adelfina akainuka kwenye mkutano, akafunga khanga yake vizuri.

"Huyu kijana simjui akishachaguliwa atakaa wapi," alisema. "Mzee Idefonsi mimi simpendi, na mume wangu hampendi zaidi. Lakini saa kumi na mbili asubuhi, wote tunajua alipo."

Idefonsi akashinda kwa kura nyingi. Alisimama kushukuru, akavuta koti lake, akafungua mdomo kusema kwamba hakuwahi kuutafuta uenyekiti, na mkutano mzima ukacheka kabla hajafika katikati. Akakaa. Theodosia, aliyekuwa ameketi na wanawake wenzake, alicheka kuliko wote.