Faili Zilizosema Sawa

Mwishoni mwa miaka ya themanini nilikuwa mtunza kompyuta katika ofisi moja ya pamba pale Shinyanga. Programu yetu ilijumlisha kilo zilizopimwa vijijini. Kila ilipobadilishwa tuliijaribu kwa faili za amri: mashine inasoma mstari baada ya mstari, inatekeleza, na mwisho inaandika "sawa" au "kosa".

Nilipewa kazi ya kuzisafisha faili hizo. Zilikuwa zaidi ya arobaini, nyingi zimenakiliwa kutoka kwa nyingine pamoja na makosa yake. Nilizisoma wiki tatu, macho yakiniwasha, umeme ukikatika na kunirudisha nilikoanzia. Ndipo nikagundua kwamba faili kumi na moja hazikuangalia matokeo kabisa. Ziliendesha programu, kisha zikaandika "sawa", liwe liwalo.

Aliyeziandika ni mama aliyenitangulia kazini, ambaye sasa aliuza vitenge Tinde. Jumamosi nikamfuata.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umezifikia zile faili," akasema, hata sijaketi.

Hakukana. Wafadhili walikuwa wanakuja kuikagua mashine, na mkuu wa ofisi alitaka karatasi yenye "sawa" tupu. "Nilimwomba wiki mbili, akanipa siku mbili. Nikajiambia nitazirekebisha wakishaondoka. Sikuzirekebisha." Alikunja kitenge, akakikunjua tena. "Mwanangu, nilichoka."

Nilimwelewa kuliko nilivyotaka.

Jumatatu nilizirekebisha. Tisa kati ya zile kumi na moja zikaandika "kosa". Mkuu akapandisha sauti: "Zilikuwa nzima kabla hujazigusa! Rudisha za zamani."

Sikuwa na nguvu za kubishana. Nilimwekea mezani karatasi ya jaribio moja tu: kijiji kikileta zaidi ya kilo elfu kumi kwa siku, programu inaidondosha tarakimu ya kwanza, elfu kumi na mbili inakuwa elfu mbili.

Akaivuta karatasi karibu. Alikuwa mtoto wa mkulima wa pamba.

"Vijiji vingapi?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Sijui bado, mzee. Itabidi tupitie daftari za mizani, moja moja."

"Basi anza. Nitakuongezea mtu."

Mtu huyo hakuja. Nilizipitia peke yangu hadi msimu uliofuata, na vijiji vilivyopunjwa vikaandikiwa barua za kusahihisha kilo zao. Sikumbuki kufurahi. Nakumbuka tu kwamba siku nilipomaliza nilikwenda nyumbani mchana, nikalala bila kuvua viatu.