Kofia ya Mgiriki

Mdogo wangu alikuwa mchekeshaji, na watu wa Ufipa walimwita Mgiriki. Alikufa akiwa amezuiliwa komunyo, na barua iliyomzuia niliiandika mimi kwa mkono wangu. Naliweka hili mbele ili msomaji asidhani nasimulia makosa ya mtu mwingine.

Jina hilo alilipatia misheni, tulipokuwa bado wanafunzi. Padre wetu wa wakati ule, Mzungu mwenye ndevu ndefu, alikuwa na mashine ya sinema. Mgiriki mmoja, mwenye malori ya kubeba mahindi, alimwachia makasha manne ya filamu za kwao. Jumapili mchana tulifunika madirisha ya ukumbi kwa magunia, likatundikwa shuka jeupe, nasi tukamtazama mtu mmoja mfupi mwenye nyusi nene na kofia nyeusi iliyokaa upande. Katika filamu zote nne alikuwa yeye: mara karani, mara baba wa mabinti watatu wasioolewa, mara muuza samaki anayedhaniwa tajiri. Kila alipofikia jambo kubwa la maisha yake kofia ilianguka, naye aliacha kila kitu akaikimbilia. Na filamu zote nne ziliishia harusini.

Hakuna aliyejua Kigiriki, hata padre mwenyewe. Basi mdogo wangu alisimama kando ya shuka akamsemea yule mtu kwa Kifipa. Mgiriki wa kwenye shuka akifungua mdomo, mdogo wangu anafungua wake. Alimpa ugomvi wa mipaka ya mashamba, mashemeji wasioshiba, na mbuzi aliyekula cheti cha ubatizo. Watu walipanda kutoka bondeni kwa miguu kuja kumsikia. Nilicheka nami, sikatai. Nilikuwa na umri wa kucheka.

Siku moja mwenye malori alikuja akaketi nyuma. Alicheka mpaka akatoa leso. Baadaye mdogo wangu alimfuata pale alipoegesha lori akamuuliza yule mtu ni nani hasa.

"Yule, baba yake fundi viatu," alisema kwa Kiswahili chake cha kukatakata. "Wakati wa vita njaa kubwa. Akaigiza kwenye mkahawa, watu wanakula, hawamtazami. Siku moja kofia ikaanguka kweli, bahati mbaya tu. Watu wakaacha kula. Toka siku ile, kofia inaanguka kila siku. Sasa akivuka barabara kwetu, polisi anasimamisha magari."

"Na ana wake wangapi?" mdogo wangu akauliza. "Maana kila filamu anaoa."

"Kwenye sinema ameoa labda mara arobaini. Nyumbani mmoja. Mkali!"

Mimi nilikwenda chuo cha makatekista. Nilirudi kufundisha, na kwa neema ya Mungu nimefundisha hadi macho yalipochoka. Kazi yangu kubwa ilikuwa mafundisho ya ndoa. Mdogo wangu aliajiriwa na shirika moja la umma mjini Sumbawanga, kwa jina mtu wa bohari, kwa kazi mchekeshaji wa kikundi chao cha sanaa. Enzi hizo kila shirika lilitaka kuwa na ngoma yake na vichekesho vyake. Alizunguka mkoa mzima nyuma ya gari la shirika. Alioa kanisani, nikasimama shahidi wake. Jumapili akiwa nyumbani alipokea komunyo mstari wa mbele, na watoto walimtazama wakisubiri afanye kituko. Hakufanya hata mara moja. Kanisani alikuwa mtu mwingine.

Kisha zikaja nyakati za ruksa, kila mtu na biashara yake. Shirika lilifungwa, magari yakauzwa, kikundi kikatawanyika. Wengine walirudi kulima ulezi. Madukani vikaonekana vitu ambavyo hatukuwa tumeviona kwa miaka mingi, sabuni za rangi zote, na nyuma ya soko yakaota mabanda ya video, mabati mapya na jenereta likiunguruma mchana kutwa. Sokoni marobota ya mitumba yalifunguliwa chini, na katika robota moja mdogo wangu akakuta kofia nyeusi yenye utepe. Alikuja nayo kwangu mbio, amepanda kilima chote.

"Kaka, tazama! Imenifuata yenyewe."

"Kofia ya maiti wa Ulaya," nikamwambia.

"Basi marehemu alikuwa na kichwa kama changu," akasema, akaiweka upande, akanipigia saluti.

Kwa kofia hiyo alitengeneza filamu yake. Mfanyabiashara mmoja wa mjini alinunua kamera ya video, mdogo wangu akawakusanya wenzake wa zamani, wakaigiza kisa cha mwanamume anayelazimishwa na shangazi zake kuoa. Mwisho wake ulikuwa harusi, kama filamu za ukumbini. Waliiigizia katika kanisa la kigango kimoja cha parokia yetu, bondeni, jengo la zamani ambalo waumini walikuwa wameliacha walipojenga jipya. Kulikuwa na msalaba ukutani bado. Mwenzao alivaa kanzu nyeupe kama padre, bibi harusi alivaa shela, wanakijiji wakaalikwa kujaza viti na kupiga vigelegele.

Kanda ile ilipendwa kuliko za karate. Ilipigwa Sumbawanga, ikashuka bondeni Mtowisa kwa wavunaji wa mpunga, hata wafugaji waliohamia kutoka kaskazini waliacha ng'ombe kwa zamu kwenda kuitazama. Watu walinisimamisha njiani: "Mwalimu, umemwona mdogo wako?" Nilijibu kwamba katekista haingii bandani. Nilijivunia jibu hilo.

Mzee wa kanisa wa kigango kile alipanda kuja kwenye halmashauri ya walei ya parokia, ambayo mimi nilikuwa mwenyekiti wake.

"Tumsifu Yesu Kristu."

"Milele, amina."

"Ndugu yako amefunga ndoa ya pili, Mwalimu. Kanisani kwetu. Mbele ya msalaba. Nilichungulia dirishani, nikaona pete na nikasikia kiapo kinasomwa. Mashahidi ni kijiji kizima."

Mjumbe mmoja alisema ni mchezo tu. Mzee akamgeukia. "Kiapo kinachezewa? Wewe ukiapa mahakamani kwa kucheza, hakimu anakuachia?"

Hapo tukaegemea upande wake. Naomba mtu wa leo atuelewe, ingawa sisemi atusamehe. Kwetu neno likishatamkwa mbele ya mashahidi limetamkwa. Tulikuwa tumewafundisha watu hivyo kwa miaka mingi, tukiwatoa katika desturi za kuoa na kuacha. Tukiwaambia sasa kwamba kuna kiapo cha kweli na kiapo cha video, watashika lipi? Na mimi, kwa kuwa ni kaka yake, niliogopa kuonekana nampendelea. Sikulitumia somo ambalo niliwafundisha wachumba kila mwaka, kwamba padre hafungishi ndoa, kinachofunga ndoa ni "ndiyo" yao wawili. Sikumuuliza yule mzee kama aliisikia "ndiyo" hiyo.

Niliandika barua. Azuiliwe sakramenti mpaka shauri lake litakapoamuliwa. Padre wa wakati huo alikuwa mgonjwa, alitia saini kwa kuniamini. Ikasomwa vigangoni vyote.

Mdogo wangu alikuja siku iliyofuata, pamoja na mke wake. Hakuwa na kofia.

"Kaka, umeitazama?"

"Siingii bandani."

"Kaitazame kwanza, ndipo uandike. Nakuomba hilo tu."

"Nitazame dhambi ili nijue kuwa ni dhambi?"

Mke wake akaingilia, na sauti yake ilikuwa ya kicheko bado, kwa sababu alidhani jambo litaisha palepale. "Shemeji, hilo gauni la bibi harusi nimelishona mimi. Mke gani anamshonea mwenzake gauni?"

"Hata ukikubali wewe, sheria ya Kanisa ni sheria."

Mdogo wangu alinigeukia. "Yule Mgiriki ameoa mara arobaini," akasema, "na sijasikia kaka yake akimnyima komunyo."

Mkewe alicheka. Mimi sikucheka, naye aliona. Toka siku hiyo alikaa benchi la nyuma, na waliposimama wengine kwenda kupokea alibaki amepiga magoti, uso kwenye mikono. Watoto waligeuka kumtazama, wakisubiri kituko.

Akaja padre mwingine, kijana, Mfipa mwenzetu. Alisoma faili, akaniita ofisini. "Mwalimu, hili jambo mbona jepesi? Niletee maelezo yako nimfungulie mtu huyu." Nilimjibu kwamba tusubiri halmashauri ikutane baada ya mavuno, jambo lililofungwa na kikao lifunguliwe na kikao. Nimesifiwa maisha yangu yote kwa uvumilivu. Nilikuwa mvumilivu sana katika shauri la mdogo wangu. Ulezi ulivunwa, kikao kikaahirishwa kwa ajili ya msiba, kikaahirishwa tena kwa ajili ya ugeni wa askofu. Mara mbili mdogo wangu alinikuta njiani akauliza, "Bado, kaka?" nami nikasema, "Subiri." Mara ya tatu hakuuliza.

Mvua zilipoanza alishuka Mtowisa kuchekesha watu. Homa ikamshika huko. Alipoona hali imekuwa mbaya alimwomba katekista wa huko ampelekee komunyo. Katekista alikuwa na barua yangu sandukuni. Akaogopa. Akaandika kikaratasi kuomba ruhusa, akakituma kwa lori la mpunga, na lori likakwama siku mbili kwenye tope la mlimani. Dereva alinipa kikaratasi mkononi. Kisha akaninong'oneza kwamba mgonjwa mwenyewe yumo nyuma, juu ya magunia, amefungwa kwenye blanketi; alikata roho lori likiwa bado topeni, watu wakambeba mpaka pale.

Padre kijana alikuwa safarini. Nilimzika mimi, kwa kitabu changu cha sala, na kwa sababu ya barua yangu mwenyewe hatukuingiza jeneza kanisani.

Watani walikuja, Wasukuma wa bondeni, waliotembea nyuma ya lori lile. Mtani msibani hazuiliwi, kila mtu anajua. Mwanamume mmoja mrefu alijifunika shuka kichwani kama shela, akapita katikati ya waombolezaji kwa madaha, akajitupa ukingoni mwa kaburi.

"Nimekuja kumzika mume wangu! Mimi ndiye mke wa pili! Shemeji Mwalimu yuko wapi? Shemeji, mbona hukuniandikia na mimi barua?"

Watu waliokuwa wakilia walicheka. Mjane alicheka, machozi yakimtiririka. Yule mtani aliketi juu ya udongo akakataa kuondoka.

"Sitoki. Leta barua yangu. Au huku juu kwenu mnawaandikia wazima tu, maiti hamuwaandikii?"

Desturi haikuniruhusu kukasirika. Nilimpa kuku, ada ya mtani, akapokea, akashika jembe akazika kwa nguvu kuliko ndugu wote.

Matanga yalipokwisha niliingia bandani. Ilikuwa Jumamosi mchana. Kijana wa mlangoni aliona rozari yangu akadhani nimekuja kumtafuta mtu.

"Shikamoo, mzee. Leo karate."

"Marahaba. Nataka ile ya Mgiriki."

"Ya Mgiriki! Imechakaa hiyo. Lakini kwa ajili yako, mzee, poa."

Niliketi kwenye benchi kati ya vijana. Picha ilikuwa na mistari, sauti ikipanda na kushuka. Nilimwona mdogo wangu akiwapiga chenga mashangazi, akijificha ghalani, akivutwa kwa tai mpaka madhabahuni. Mwenye kanzu akauliza, "Je, unakubali?" Mdogo wangu akafungua mdomo. Kofia, iliyokuwa kwapani, ikaanguka. Akaitazama. Akamtazama bibi harusi. Akainama kuiokota, upepo ukaisukuma, akaikimbilia katikati ya viti, akatoka mlangoni, akavuka uwanja, shamba la mahindi, akawa mdogo, akawa nukta. Kanda ikaisha hapo.

"Rudisha," nikamwambia kijana.

Akarudisha. Nilisogea karibu na televisheni. Nilitafuta "ndiyo" kwa macho na kwa masikio.

"Rudisha tena."

"Mzee, hasemi," kijana akaniambia kwa upole. "Hata ukirudisha mara mia. Hapo ndipo utamu wenyewe. Mji mzima unajua."

Mara ya tatu, kofia ilipoanguka, nilicheka. Nilicheka kwa sauti, kama ukumbini, na vijana wakacheka kwa kuniona nacheka. Ndivyo nilivyomlilia mdogo wangu.

Nilikwenda kwa padre kijana nikaungama, nikapata ondoleo, nashukuru. Aliadhimisha misa ya marehemu, kanisa likajaa mpaka nje, wakaja na watu wa mabanda. Baada ya misa alitoa barua kwenye faili akaniuliza kama nataka tuichome.

Nilimwambia airudishe mahali pake. Ipo hadi leo. Nina hati nzuri, walimu wangu wa misheni walinifunza kwa fimbo, kila herufi imesimama. Atakayeifungua hatapata shida kuisoma.