Upande wa Kushoto

Mume wangu alifia katika nyumba ambayo mimi sikuruhusiwa kuingia. Wakati huo Wadachi walikuwa wamejenga kambi ya ugonjwa wa malale juu ya Rumonge, mbali kidogo na ziwa, na kila aliyeanza kusinzia mchana alipelekwa huko kudungwa sindano. Yeye alisinzia akiwa anakamua mawese. Wakamchukua. Tangu hapo nilimpelekea chakula nikakiacha nje ya ua, kama anayelisha mbwa wa watu, na askari wa zamu ndiye aliyekiingiza ndani.

Asubuhi moja askari akanirudishia sufuria na chakula chake. Nikaelewa kwamba amekufa. Kisha akanieleza kwamba maiti wa kambini wanazikwa na wafungwa jua likipungua, bila kuoshwa, bila sanda. Daktari alikuwa ametoa amri mtu yeyote asiwaguse.

Sasa niambieni. Mwislamu apelekwe mbele ya Mola wake na jasho la homa? Mtu huyu hakuwahi kuswali bila kusugua miguu mpaka visiginoni, akimaliza maji ya mtungi, nami nikimgombeza. Nilirudi nyumbani nikachukua birika, kafuri na kipande cha merekani alichokuwa amejiwekea mwenyewe kiwe sanda yake. Mke ana haki ya kumwosha mumewe. Hilo hata watoto wa chuo cha Kurani wanalijua.

Nilifika mlangoni mchana kweupe, askari akiwa amekwenda kula. Nilipiga hodi. Watu wamenicheka miaka mingi kwa hodi hiyo, wanasema mhalifu gani anabisha mlango. Lakini nyumba ni nyumba, na humo mlikuwa na mume wangu. Hakuna aliyeitika. Nikafungua kamba ya mlango, nikaingia.

Alikuwa amekonda hata sikumtambua mara moja. Nilitia nia, nikamwosha kichwa, nikaanza upande wa kulia kama inavyotakiwa: bega, mkono, ubavu, paja, mguu, mpaka katikati ya vidole. Nililia huku nikimgombeza kwa kuniacha. Nikamgeuza ili nianze kushoto. Hapo askari akaingia.

"Mama, toka! Humu hakuna ruhusa. Muzungu iko anakuja."

"Ngoja, baba. Iko bado upande moja."

Hakungoja. Alinivuta mkono, birika likaanguka, na maji yote yakamwagika chini.

Bomani nilisimamishwa mbele ya Mdachi na mkalimani wake. Shitaka langu likasomwa: kuingia katika nyumba ya serikali kwa nia ya kutenda lililokatazwa. Kuingia tu, mkalimani alieleza, ni kosa dogo. Kosa kubwa ni lile nililoingia kulifanya.

"Mama, uliingia kufanya nini?"

"Kuosha mume wangu."

"Ulimaliza?"

Swali hilo lilinivunja. Tangu nikamatwe nilikuwa nimesimama kwa hasira, tayari kubishana na Mdachi mzimamzima.

"Sikumaliza," nikasema.

Mkalimani akatafsiri. Mdachi akaitikia kwa kichwa, uso wake ukalainika kidogo, akasema maneno machache. Mkalimani akanigeukia akitabasamu kama aliyeniletea habari ya harusi. Bwana mkubwa amenihurumia, akasema. Kwa kuwa nilikamatwa kabla ya kumaliza, sitafungwa mnyororo. Nitafyeka majani ya kambi mpaka mwezi uandame, kisha niende zangu.

"Shukuru, mama."

Sikushukuru. Nilifyeka. Makaburi yalikuwa nyuma ya ua ule ule, hayana alama, na kila niliyemwuliza alisema hajui lake ni lipi. Wanawake wa mtaani waliniambia nina bahati, wengine hawakurudi kutoka kwenye mnyororo. Labda ni kweli. Nilisamehewa kwa sababu mume wangu alizikwa na jasho lake upande wa kushoto.