Mvushaji Aliyejibu Akabaki

Kwa miaka ishirini na moja Florentin alivusha watu mto Lualaba, nchini Kongo, bila kumjibu anayeita.

Wavushaji wengine wa Alunguli, ukiwaita kutoka ng'ambo, hugonga kafi ubavuni mwa mtumbwi mara tatu: nimesikia, nakuja. Asubuhi, maji yakiwa yametulia, mlio huo hufika mbali kuliko sauti ya mtu. Ukishausikia, unaketi juu ya mzigo wako na kungoja, kwani si adabu kumwacha mvushaji aliyejibu apige kafi bure. Naye akizuiwa na jambo, hugonga mara moja tu, kwa nguvu, ili ujue haji na uende zako. Florentin hakugonga tatu wala moja. Alikuja kimya, na abiria walishtuka kumwona tayari miguuni pao.

"Papa Florentin, unakuja sawa mamba!" walimtania.

"Mamba anaomba nauli?" alijibu, na mazungumzo yakaishia hapo.

Mwaka 2023, wakati wa kiangazi, Rachida alikuja kutengeneza sinema. Alikuwa mwalimu wa Kindu, binti wa familia ya Waislamu wa mjini, na alikuwa na kamera moja ya kuazima na rafiki mmoja wa kuishika, Roger. Hapakuwa na kampuni nyuma yake. Hadithi aliiandika mwenyewe: wakati wa vita, mvushaji wa kijijini anawaacha watu ukingoni, kisha anaishi na jambo hilo. Hakuwa na mtu fulani akilini; kando ya mto ule hadithi za namna hiyo ni nyingi. Alihitaji mtumbwi, pirogi kama wanavyouita huko, na mtu wa kuupiga kafi. Florentin alikubali akidhani kazi ni hiyo tu.

Mwanamke wa kuita kutoka ukingoni alikuwa Odile, mjane anayekamua mawese katika kijiji cha ng'ambo, chini kidogo ya Alunguli.

Siku ya tatu asubuhi wote walikuwa kwenye bandari ndogo ya kijiji hicho.

"Papa, Mama Odile akiita, gonga mara tatu," Rachida alieleza. "Kisha kuja mpaka katikati, usimame."

"Kupiga kafi, ndiyo. Kugonga, hapana."

"Sasa watu watajua namna gani kama umesikia?"

"Roger agonge."

"Miye?" Roger alisema. "Nitatoboa pirogi ya wenyewe, tuzame na kamera ya wenyewe!"

Walicheka. Odile, aliyekaa juu ya bidoni, dumu lake la mawese, hakucheka.

"Umuache, Rachida. Ule mulio hata miye unaniumiza. Nilikubali sinema yako sababu ya muntu mumoja tu."

Ndipo akasimulia. Ilikuwa mwaka 2002. Walifika bandarini yeye, mumewe Alain, na mtoto mgongoni, wakiwakimbia wenye silaha. Ukungu ulikuwa umefunika mto. Aliita. Kutoka ng'ambo kafi likagonga mara tatu.

"Alain alitaka tuingie pori. Nikamwambia hapana, mwenye pirogi amejibu, tumungoje. Bunduki zikalia juu ya maji. Kisha kimya. Tukangoja. Waliofika ni wale tuliokuwa tunawakimbia. Walimubebesha Alain mizigo yao, wakatuacha miye na mutoto, wakaenda naye. Mpaka leo." Akapangusa uso kwa kona ya kitenge. "Na ule mvushaji alikufa mu maji sababu yangu. Kama singeita, angebaki kwake. Kila mwaka ninamuombea misa. Jina yake sijue. Padri anaandika tu: mvushaji."

Ingemtosha Florentin kunyamaza. Hakuna aliyemwona siku ile. Ukungu ulikuwa umemficha, na kwa mwanamke huyu alikuwa marehemu mwema, anayetajwa altareni. Akifungua kinywa, angekuwa yule aliyempoteza Alain. Aliweka kafi chini, akatoka mtumbwini, akasimama mbele ya Odile, maji yakimchuruzika miguuni.

"Mama Odile, ule muntu hakukufa."

"Unajua namna gani?"

"Njo miye, miye mwenyewe."

Roger alishusha kamera bila kuambiwa.

"Nilikuwa nimetoka ukingoni kidogo tu," Florentin aliendelea. "Bunduki zilipolia nikageuza. Nilipaswa kugonga moja, mukimbie. Nikaogopa wale wenye bunduki wa upande wangu watanisikia. Nikalala chini ndani ya pirogi. Nikasikia mutoto wako analia. Sikugonga."

Odile akanyanyua bidoni lake, akalitwika, akapanda njia ya kwake bila kugeuka.

Sinema ikasimama. Siku ya kwanza Florentin alikuja akakaa kwenye bandari ile mpaka jua likawa kali. Siku ya pili vilevile.

"Papa, asipokuja tutaacha," Rachida alimwambia.

"Nitamungoja."

"Mpaka lini?"

"Yeye alingoja."

Siku ya tatu Odile alishuka mikono mitupu. Hakumsalimu mtu. Alisimama mbele ya Florentin kama mama anayemhoji mtoto wake.

"Uliogopa?"

"Niliogopa sana."

"Risasi haikukugusa? Hata kidogo?"

"Hata kidogo, Mama."

"Basi miaka ishirini na moja niko nabeba kifo ya muntu mwenye kula ugali kila siku!"

"Na sombe," Florentin alisema taratibu, kwa sababu ilikuwa kweli: kisamvu hakikukosekana kwake.

Kicheko kilimtoka Odile kabla hajakizuia, kisha machozi, na vyote viwili vikachukua muda mrefu. Alikaa chini mchangani. Rachida alitaka kumshika bega, akazuiwa kwa mkono.

"Kwa Alain, sijue," Odile alisema hatimaye. "Ile samahani usiniombe leo. Lakini ungeweza kunyamaza, nife na kifo yako juu yangu. Kumbe sikuua muntu. Aksanti, Papa Florentin."

Florentin alikuwa amejiandaa kwa matusi, hata kwa mawe. Kwa neno hilo hakuwa amejiandaa. Aliinamisha kichwa akalipokea, kama mtu anayepewa mtoto mchanga ashike.

Walirudia kazi siku hiyohiyo. Odile aliita, Florentin akagonga. Mara ya kwanza kafi lilimponyoka mkononi, ikabidi waanze upya. Sinema ina dakika arobaini. Ilionyeshwa Kindu, katika darasa moja, juu ya shuka jeupe, na mwishoni, kwa ombi la Odile, limeandikwa jina la Alain. Mwaka huo hakumwombea misa mvushaji. Kwa mara ya kwanza aliomba isomwe kwa ajili ya mumewe, jambo ambalo hakuwahi kuwa na nguvu nalo. Florentin alikuwepo, benchi la nyuma, amevaa shati la mikono mirefu.

Ana miaka sitini na saba sasa. Anaishi Alunguli, na kila Jumamosi asubuhi yuko kijijini kwa Odile, akimsaidia kupakia mawese ya kwenda soko la Kindu.