Fundi wa Kuhesabu Hadi Kumi

Fundi wa spika pale sokoni Barranquilla, Kolombia, hana haraka na mtu. Yadira, anayekaanga arepa, mikate ya mahindi, kando ya meza yake, keshamzoea. Spika iliyogoma ikiletwa, kwanza huipangusa kwa shati lake, kisha huuliza kwa upole wa padri, "Nifute, mama? Itasahau kila simu iliyowahi kuungana nayo." Akikubaliwa, vidole viwili vinene hubana vitufe viwili, naye huhesabu kwa sauti, moja, mbili, mpaka kumi, huku wateja wakimwitikia. Taa ikipepesa, kazi imekwisha. Mteja akiipiga spika yake makofi, fundi humkemea: "Huyo ni punda wako?"

Jana mchana Nubia, mshona nguo wa mtaa wa pili, alileta yake. "Imekuwa bubu kwa simu yangu, fundi." Fundi akaiwasha. Papo hapo wimbo uliokuwa ukilia kwenye simu ya Eliécer, mume wa Yadira, ukahama na kuvuma ndani ya spika ya Nubia, maana spika hujiunga yenyewe na simu inayoijua. Eliécer akaganda, arepa mdomoni. Fundi hakuuliza kama afute. Hakuhesabu. Vidole vilikuwa vimeshabana, jasho likimchuruzika mpaka taa ikapepesa.

"Imesahau kila kitu," akasema, bila kumtazama mtu.

Yadira akageuza arepa kwenye mafuta. "Hongera, fundi. Hiyo imesahau. Mimi sikuumbwa na vitufe."