Nyanya ameridhika na daktari ambaye hajamwona

Leo nyanya yangu ameridhika kabisa na matibabu ambayo hakuyapata.

Wanajeshi wamefungua kambi ya matibabu ya bure hapa Garsen, nikampeleka kwa ajili ya goti lake. Tukakaa kwenye benchi la wanaosubiri.

Akaja askari na fomu, akaandika majina yetu. Mpole. Mpole kupita kiasi, mpaka nikaanza kumshuku.

"Shikamoo, nyanya. Umeridhika na huduma?"

Alidhani benchi letu ni la waliokwisha kutibiwa. Nikafungua mdomo nimweleze, nyanya akanifinya paja.

"Nimeridhika sana, mwanangu."

Mzee wa Kiorma aliyekaa karibu naye, ameridhika. Mama kutoka kijiji cha Ozi aliyepakata mtoto anayekohoa, ameridhika. Benchi zima, na hakuna hata mmoja aliyemwona daktari.

"Asanteni. Mnaweza kwenda nyumbani."

Na wakainuka, jamani. Wakaenda, nasi nyuma yao.

Njiani nikamuuliza kwa nini. Akaniangalia kama mimi ndiye mgonjwa.

"Mtu wa buti anakuuliza kama umefurahi. Anataka kujua nini? Na jina langu ameliandika la nini?"

Sasa hata mimi najiuliza. Nyinyi mngemjibu nini yule askari?

Kesho nyanya anataka nimpeleke zahanati, kwa yule nesi anayegombana naye kila mwezi.

Nikamwambia, "Lakini kule hujawahi kuridhika hata siku moja."

"Ndiyo," akasema. "Kule naweza kusema panaponiuma."